Skrubu Mbili, Bila Gundi

Habari za kifo cha Wairimu zilinifikia kwa simu, kwenye kikundi cha walimu wastaafu, zikiwa zimepambwa kama tangazo la duka. Picha yake ilikuwa katikati ya mishumaa miwili ya kuchorwa, na chini yake, kwa herufi nene kuliko jina la marehemu, kulikuwa na jina la mtu aliyepewa kazi ya mazishi: Ndirangu, tenti, viti, jeneza, msalaba, Nyeri hadi Mwea. Uso wa huyo Ndirangu ulikuwa pembeni, umenenepa, unacheka, meno nje. Niliilaza simu kifudifudi juu ya meza kama mtu anayefunika sahani iliyotuliwa na nzi. Mate yalinijaa mdomoni, yale mepesi yanayotangulia kutapika, na sikujua nianze na lipi, nimlilie Wairimu, ambaye hatukuwa tumesemezana tangu ujana wetu, au nimtukane huyo aliyemtia kwenye tangazo lake. Nilifanya yote mawili. Nililia huku natukana, mpaka paka wangu akatoka nje.

Baadaye niliingia chumba cha nyuma, nikachagua ubao wa mukima, mti ambao wengine huuita gravilia, nikaanza kulichora jina la Wairimu. Nilikuwa nimemwahidi. Mashine yangu ni ya mezani, ndogo, na msumeno wake ni mwembamba kama uzi. Unapanda na kushuka mahali pamoja, na wewe ndiye unayeuzungusha ubao polepole mpaka herufi itoke. Si kazi yangu. Nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, na hii ilikuwa starehe yangu, kama wenzangu walivyokuwa na kufuma vitambaa. Nakata ndovu, nakata Mlima Kenya na vilele vyake, nakata majina ya watoto, na akitokea wa kununua nauza. Jina la maiti sikuwa nimelikata tena tangu mwaka ule. Nilipofika kwenye tumbo la ile a, pale ambapo lazima utoboe tundu kwanza ndipo upitishe msumeno ndani, niliuzima umeme nikakaa tu, nikisikia harufu ya mbao mbichi, nikaukumbuka mwaka huo wote, chumba kwa chumba.

Chumba cha kwanza ni kile cha Majengo, mjini Nyeri, nyuma ya jiko la Mama Zainabu. Nilikuwa mwalimu mpya, nimepanga kijumba kidogo ambamo mwenye nyumba wangu hakutaka mashine wala vumbi, na Mama Zainabu, mjane aliyepika chapati za kuuza, akanipa kibanda chake cha makaa. "Alimradi vumbi lako lisiingie kwenye unga wangu, binti," aliniambia, na hiyo ndiyo ilikuwa kodi ya kwanza aliyonidai. Mashine nilikuwa nimeinunua kwa mzungu mmoja wa misheni aliyekuwa akirudi kwao na kuuza vyombo vyake. Majirani walipoisikia ikiunguruma walikuja kuchungulia, wakaiita cherehani ya mbao, na jina likashika. Kati ya kibanda na jiko kulikuwa na ukuta wa mabanzi tu, kwa hiyo nilikata mbao huku nikisikia kila kitu: nani amemwacha mumewe, nani ameuza ng'ombe wa mama yake, chapati ikigeuzwa, mafuta yakilia. Jioni baada ya shule Mama Zainabu alinipitishia maharagwe ya nazi na chapati mbili kupitia upenyo wa ukuta, bila kuacha kuongea na mtu wa upande wa pili. Sijawahi kula vizuri kuliko hapo. Na hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba siwezi kuukumbuka utamu wa chapati zile bila tumbo kunivuruga, na mtanielewa mbele ya safari.

Ndirangu nililetewa na uimbaji. Tulikuwa kwaya moja, yeye sauti ya tatu, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na alikuwa na kibanda karibu na soko alichouzia fremu za picha. Alipoziona kazi zangu alizishika kwa ncha za vidole kama mayai. "Madam, wewe uko na kipawa na unakaa nayo kwa kibanda ya makaa," alisema. "Wewe kata. Mimi nitauza." Na kweli aliuza. Ulimi wake ungeweza kumuuzia kinyozi nywele. Kila siku ya soko alifunga sanduku lake kwenye pikipiki akaenda Karatina, Murang'a, Kangari, akashuka hadi Mwea kwa wakulima wa mpunga, na aliporudi sanduku lilikuwa jepesi. Upesi aligundua jambo ambalo mimi, na kusoma kwangu kote, sikuwa nimelifikiria. Kwetu watoto hawatafutiwi majina. Msichana wa kwanza huitwa nyanyake mzaa baba, wa pili huitwa nyanyake mzaa mama, na wavulana vivyo hivyo kwa babu zao, kwa hiyo majina ni yale yale yanazunguka tangu zamani. Ukikata Wanjiku leo, hata usipojua ni wa nani, mwenyewe atazaliwa. "Biashara gani nyingine iko hivi?" Ndirangu alikuwa akisema, akipiga makofi. "Mteja hajazaliwa na tayari unajua size yake!"

Basi tukawa na wateja wa aina mbili. Kina mama walitaka jina la kuning'iniza juu ya kitanda cha mtoto, lililopakwa rangi ya waridi au samawati. Wafiwa walitaka jina la kubandika kwenye msalaba wa mbao, ule unaosimamishwa kaburini siku ya mazishi kabla familia haijajipanga kujenga kwa saruji. Ya watoto aliyapaka rangi Ndirangu. Ya makaburi niliyapaka mimi vanishi, na yeye akaenda kuyafunga kwenye misalaba. Tulikosana mara mbili tu mwanzoni. Mara ya kwanza ni kuhusu matumbo ya herufi. Mimi nilifundishwa na mikono yangu mwenyewe kwamba kazi ya msumeno huu inajulikana kwa ndani. Uso wa ubao kila mtu anaweza kuupiga msasa, lakini ndani ya o, ndani ya a, lazima uingize tupa nyembamba uzungushe mpaka pawe laini kama sikio la mtoto. Ndirangu alicheka. "Nani anatia kidole huko?" Alipaka rangi juu juu tu. Mara ya pili ilikuwa gundi. Nilitaka jina la msalabani lipakwe gundi kwanza ndipo litiwe skrubu, maana mvua za huku si za mchezo. Alikataa kwa upole mwingi. "Wachana na gundi, Madam. Skrubu mbili zinatosha. Familia ikitaka kujenga simiti itataka kutoa jina bila kuvunja. Tufikirie wafiwa." Tufikirie wafiwa! Nilimwona mtu wa huruma. Nikaiweka gundi yangu rafuni.

Wairimu alikuwa mwalimu mwenzangu na rafiki yangu pekee mjini. Alikuwa ameolewa, wanaishi Ruring'u, na mtoto wake wa pekee wakati huo, Njeri, alikuwa ameanza kutembea akishika viti. Tulikula pamoja chakula cha mchana katika darasa lake, githeri, mahindi na maharagwe, kutoka kwenye chombo kimoja, kijiko kimoja, na yeye aliniachia mahindi laini kwa sababu ya jino langu bovu. Mwaka huo alishika mimba ya pili, na kabla tumbo halijaonekana vizuri mama yake, Gathoni, akafariki huko Kangari kwenye mashamba ya majani chai. Wairimu alikuja kibandani na ubao umefungwa kwa leso. Ulikuwa umepasuliwa kutoka mukima wa kwenye boma la mama yake, ule alioanikia kuni chini yake. "Nikatie kwa hii," alisema. "Isitoke mbao nyingine." Ulikuwa mmoja tu, hapakuwa na nafasi ya kukosea. Nilikosea. Msumeno ulikatika mkiani mwa ile G ukarukia pembeni, ukaacha jeraha. Nililia hadi Mama Zainabu akauliza kupitia ukutani nani amekufa tena. Halafu nikalizungusha lile jeraha kidogo kidogo hadi likawa jani, jani dogo la mchai lililochipuka kwenye mkia wa G. Wairimu aliliona. Alilishika kwa kidole gumba muda mrefu.

Tulimzika mama yake chini ya manyunyu, udongo mwekundu umetushika viatu hadi vikawa vizito kama matofali, na Ndirangu akiwa na bisibisi yake akalifunga jina msalabani. Skrubu mbili. Wairimu alikuwa ameegemea bega langu, tumbo lake likinigusa ubavuni. "Mimi nikifa," alininong'oneza, "jina langu utakata wewe. Sitaki ya kununua." Nikamwambia aache mambo hayo. "Niahidi, Nyambura." Nikaahidi. Niliona ni maneno ya kilio tu, lakini aliyashika, nami nikayashika.

Majuma kadhaa baadaye, nikipiga msasa ndovu wa mtu, nilimsikia Mama Zainabu jikoni akifoka. "Nani ameosha udongo katika karai langu la unga? Tazameni! Mwekundu, umeganda chini kama damu!" Ndirangu alikuwa uani. Akaomba radhi kwa sauti yake ya kwaya. Alisema alikuwa ameangusha bidhaa zake barabarani Murang'a, matope, akaona azisuuze. Mama Zainabu akamwambia siku nyingine asuuze katika kofia yake. Tulicheka sisi sote, hata mimi, na ile jioni nilikula chapati tatu. Iliendelea hivyo. Mara kwa mara karai lilionekana na wekundu kwenye mshono, Mama Zainabu akalikwangua na kunung'unika, akakanda unga, nasi tukala. Tukala, jamani. Majengo nzima ilikula.

Wairimu alijifungua msichana, na kwa kuwa ni wa pili hakukuwa na la kuuliza: Gathoni. Jumamosi moja wanawake tuliojuana tulifunga safari ya kumwona mzazi, kama desturi, vikapu mgongoni, njahi, yale maharagwe meusi ya wazazi, ndizi, maziwa, uji wa mtama. Nilikuwa nimemkatia mtoto sungura wa mbao. Jina sikulikata, maana nilitaka kwanza nimwulize mamake angependa mbao gani. Sebule yao ilikuwa ndogo, imejaa makoti na harufu ya maziwa na mafuta ya mtoto, wanawake wamebanana kwenye makochi wakiongea wote kwa pamoja. "Huyu ni shosho mtupu, nyanyake kabisa, angalia paji la uso." "Mpe njahi, mpe njahi, maziwa hayatoki kwa hewa." Mimi nilikabidhiwa sahani iliyorundikwa, njahi zimepondwa na ndizi, moto, nikaingia nayo chumbani nimwone Wairimu kitandani. Alikuwa amechoka na ameng'aa. "Njoo uone kitu Baba Njeri amenishtukiza nayo," akasema, na akanionyesha kwa kidevu ukuta ulio juu ya kitanda cha mtoto.

GATHONI, kwa rangi ya waridi, na utepe mweupe. Kwenye mkia wa G palikuwa na jani.

"Ati aliinunua kwa kibanda ya Ndirangu, akidhani hautajua," Wairimu alicheka. "Na wewe, umeficha! Hata ukaweka kajani kama kale ka maitu, mama yangu. Nilipokaona nililia."

Nilikata jina lile mara moja tu maishani. Nilisogea, sahani mkononi, nikachungulia tumbo la o. Ndani, pale ambapo msasa haufiki na Ndirangu hatii kidole, rangi ya waridi ilikuwa imepakwa juu ya kitu chenye punje, na pale ilipobanduka kidogo nikauona udongo mwekundu wa Kangari. Chini yake mtoto alikuwa amelala mdomo wazi. Mahali hapo hapo karai la Mama Zainabu lilinijia machoni, na wekundu wake, na chapati. Njahi nilizokuwa nimemeza zilirudi zote. Niliwahi ndoo ya nepi tu. Wanawake sebuleni walipiga kelele za furaha. "Wũi! Na mwalimu naye ana habari!" Wakacheka hadi makochi yakalia, na mimi nimeinama kwenye ndoo, jasho linanitoka, nikiwaza ni makaburi mangapi yamening'inizwa juu ya watoto wangapi kutoka hapa hadi Mwea.

Kumwambia sikuweza. Naomba mtu yeyote anionyeshe maneno ya kumwambia mwanamke mwenye siku chache tangu ajifungue, anayetakiwa kula na kulala ili maziwa yashuke, kwamba mwanawe amelazwa chini ya kitu kilichong'olewa kwenye kaburi la mama yake. Hata leo kwetu mtu akitoka mazishini ananawa kabla hajamshika mtoto. Nilipangusa mdomo nikasema skrubu ya nyuma imelegea, litamwangukia mtoto, nipe nilirekebishe. Nikalishusha mwenyewe, nikalifunga kwa gazeti, nikaondoka nalo. Wairimu alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. "Utarudisha lini?" aliuliza. Nikamwambia upesi.

Ndirangu nilimkuta kibandani kwangu Majengo akipanga sanduku lake. Niliufungua ule mzigo mbele yake. "Hii umeitoa wapi?"

"Si ni ile tulitengeneza?"

"Tulitengeneza moja. Na iko Kangari, juu ya kaburi."

Aliligeuza geuza. Haya haikumwingia usoni hata chembe. Alikuwa kama mtu anayekumbuka alikosahau mwavuli. "Aaa, ya Kangari. Kumbe ndio hii? Na imeenda kwa mtoto wa nani?" Nilipomwambia akapiga paja, akacheka, Mungu wangu, akacheka kwa furaha kabisa. "Basi si imerudi kwao? Mambo ya Mungu hayo!"

"Ndirangu, mtoto amelala chini ya kitu cha kaburini!"

"Na ameitwa nani huyo mtoto? Si ameitwa shosho yake? Madam, umesoma lakini hii hujaelewa. Kwetu jina haizikwi. Mtu ndio anazikwa, jina inapewa mtoto. Sasa mimi nimekosa nini? Nimeihamisha tu. Huko nje inaliwa na mchwa bure."

Miaka yote hii nimeyatafuna maneno yale na bado hayajashuka kooni. Angesema ni tamaa ningemdharau tu. Lakini alichukua kitu tulicho nacho kizuri kuliko vyote, kwamba mtu haondoki kabisa maana jina lake linarudi likilia kwenye blanketi, akakipaka rangi ya waridi na kukiuza sokoni. Jina hupewa mtoto na watu wake, wakitaja aliyeondoka kwa machozi na kwa kicheko. Yeye alilitoa kwa bisibisi. Nikageuka, nikamwona Mama Zainabu amesimama mlangoni, mikono ina unga hadi kwenye viwiko.

"Yale uliyokuwa ukiyaosha," alisema polepole, "yalitoka makaburini?"

"Niliosha na sabuni, Mama. Zilitakata kabisa."

Mama Zainabu hakupiga kelele. Alirudi jikoni, akaumwaga unga wote uani, wote, kuku wakaukimbilia naye akawafukuza, kisha akalishika lile karai akamrushia Ndirangu kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Lilimpata mgongoni. Alikimbia na sanduku lake kwapani, na sikumwona tena kwa karibu hadi juzi. Mama Zainabu hakupika kwa muda mrefu. Nilimsikia kupitia mabanzi akijiuliza peke yake, "Nimewalisha watu nini? Nimewalisha nini?"

Jumamosi iliyofuata nililirudisha jina kaburini kwa mama yake Wairimu. Niliipiga msasa ile rangi usoni na kingoni mpaka mukima ukatokea tena na mabaka yake. Ndani ya herufi sikuweza. Tupa niliishika, nikaiweka chini, nikaishika tena. Sikutaka kuugusa ule udongo uliofunikwa rangi. Nikayaacha matumbo ya herufi hivyo hivyo, waridi. Huko Kangari msalaba ulikuwa umesimama uchi, na matundu mawili. Safari hii nilipaka gundi, gundi nyingi, ndipo nikakaza skrubu, nikakaa pale kwenye manyunyu nimelikandamiza kwa viganja hadi liliposhika. Kwa mtoto nilikata Gathoni nyingine, mpya, ya mbao ya saipras, nikaipeleka Ruring'u. Baba Njeri aliipokea mlangoni. Mama Njeri amelala, alisema. Mara nyingine amelala pia. Shuleni, likizo yake ilipokwisha, alihamia kuketi na walimu wa darasa la juu, na githeri yangu nikaila peke yangu, pamoja na mahindi magumu. Mwishoni mwa mwaka akahamishiwa upande wa Karatina, kwao mumewe. Nilidhani ni uzazi, ni msiba, ni ndoa. Nilidhani mengi, na nikamkasirikia pia, sitaficha.

Kwa hiyo juzi nilikwenda nyumbani kwake nje ya Karatina nikiwa na jina lake limefungwa kwa leso safi, na tupa imepita katika kila tundu. Ua ulikuwa umejaa tenti za Ndirangu. Wanawake walikuwa wakigawa chai na mkate, na yeye mwenyewe alipita katikati yao na tai nyeusi, akiwapigia simu vijana wake wa jeneza, akiwashika wafiwa mabega. Akaniona. "Madam! Siku nyingi!" Akanyoosha mkono. Niliutazama ule mkono mpaka akaurudisha mfukoni. Binti mmoja alitoka nyumbani kunipokea, mnene, paji la uso la Kangari kabisa. Gathoni. Alinikaribisha sebuleni, akanipa kiti, na nilipoufungua mzigo akarudi nyuma.

"Asante, tata," alisema, akiniita shangazi kwa adabu, "chai utakunywa. Lakini hiyo siwezi kuchukua. Mama alisema ukikuja na jina, tukuambie hapana."

Niliuliza kwa nini, sauti yangu ikiwa ndogo kama ya mtoto wa nasari.

"Unajua kwa nini. Uliiba jina ya shosho kwa kaburi ukauzia baba. Halafu ulipoona mama ameshuku ukaishusha ukairudisha usiku usiku, na haukumaliza hata kutoa rangi. Mama alienda huko akaiona, pink ndani ya herufi. Akaenda kumuuliza Ndirangu, na akamwambia ni wewe ulikuwa unamletea. Ati yeye alikuwa anauza tu."

Ndiyo sababu alikuwa amelala. Miaka yote ile, Wairimu wangu alikuwa amelala. Nje nikasikia ile sauti ya kwaya ikiuliza chai kama inatosha. Nilimwuliza Gathoni lile jina liko wapi sasa. Alisita, akaingia chumbani, akatoka na kipande cha msalaba, ule ubao wa kukingama mzima, jina limekaa juu yake. "Walipojenga simiti mama alitaka kuitoa," alisema. "Ilikataa. Akakata msalaba na msumeno."

"Ilikataa kwa nini?"

Akaligeuza. Gundi ilikuwa imefura pembeni, kahawia, ngumu kama mfupa.

"Anayetaka kuling'oa tena hapaki gundi," nikamwambia. "Kuna mtu mmoja tu aliyekuwa hataki gundi. Sasa chukua pini hiyo ya kichwani mwako, kwangua ndani ya o." Akakwangua. Waridi ilitoka kama ngozi, na chini yake vumbi jekundu likamwangukia kwenye kiganja. "Mimi sijawahi kupaka rangi juu ya uchafu. Tia kidole katika hili jina la mama yako." Akatia kidole katika tumbo la a, akakizungusha, taratibu, mara nyingi. Nikamweleza yote, ndoo ya nepi, karai, na kile kicheko cha Ndirangu. Alisikiliza huku ameufumba ule udongo mkononi, na nilipomaliza machozi yalikuwa yakimdondoka kidevuni.

"Umechelewa, tata," alisema. "Mimi nakuamini. Lakini si mimi nilikuwa nakungoja. Mama, hata akiwa mgonjwa, akisikia geti alikuwa anauliza kama ni Nyambura."

Siku ya mazishi Ndirangu alishika maikrofoni akatangaza kila kitu, hata maombi. Kaburi lilipofunikwa na mashada kupangwa, alikuja na bisibisi mkononi, tayari, na jina la plastiki la dhahabu kutoka dukani kwake. Gathoni alimpokonya ile bisibisi mbele ya watu wote, akanikabidhi mimi. Nilipiga magoti kwenye matope. Nilitoa chupa ya gundi mkobani, nikaimimina nyuma ya kila herufi, nikaliweka jina msalabani, nikakaza skrubu, nikalikandamiza kwa viganja viwili. Ndirangu alisimama juu yangu akitazama gundi ikitokeza pembeni.

"Hiyo sasa haiwezi kutoka," alisema.

"Ndiyo," nikamwambia, na sikuondoa mikono.